Mkalimani wa Kingo Mbili

Pélagie Cadorette alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alimwona karibu kila siku bila kumfikia. Domitille aliishi upande wa kusini wa Mto wa Mvua, katika nyumba ya biashara ya Wamarekani, kwa kuwa aliolewa na karani wa pale, Asahel Wickett. Pélagie aliishi upande wa kaskazini, ndani ya ngome ya Waingereza, akishona viatu vya ngozi, akisuka nyavu, na akitafsiri kila Waojibwe walipokuja na ngozi zao. Kati ya mama na mwana ulikuwa mto tu. Mtu mwenye mkono mzuri wa kasia aliuvuka kabla kiko chake hakijazimika. Lakini bwana mkubwa wa ngome, Farquhar Innes, alikuwa amepiga marufuku.

"Anayekula chakula cha ngome hii havuki," alisema. "Akivuka, abaki hukohuko."

Chanzo chake kilikuwa ramu. Serikali ya Wamarekani ilikataza pombe kali isiingizwe katika nchi ya Waojibwe. Wakubwa wa Innes huko Uingereza nao walitaka igawiwe pale tu ambapo mshindani anaigawa. Basi Innes akawa anatoa vipipa kwa sababu Wickett anatoa, na Wickett anatoa kwa sababu Innes anatoa, na kila mmoja akiandika barua kumshtaki mwenzake. Barua hizo zilipanda mitumbwi, zikapanda merikebu, zikafika mezani kwa mawaziri ambao hawakuwahi kuuona mto huu. Majibu yalikuja mwaka wa pili, yakiuliza mambo ambayo yalikwisha kubadilika.

Pélagie alizijua barua hizo kwa sababu nyingi zilianzia kinywani mwake. Mama yake alikuwa Mwojibwe wa maporomoko ya Kuchiching. Baba yake alikuwa mpiga kasia Mfaransa aliyekuja na mzigo wa chuma na asirudi kwao. Kiingereza alikiokota ngomeni, jikoni kwanza, kisha kwenye chumba cha biashara. Mumewe alikwisha fariki kwa kikohozi miaka sita nyuma. Tangu hapo, watu waliozungumza naye walikuwa wakitaka tu awapelekee maneno yao kwa mtu mwingine. Siku nzima angeweza kusema lugha tatu, na jioni akagundua kwamba hakusema jambo lake hata moja.

Majira ya kiangazi yalipoanza, habari zilikuja kwamba luteni mmoja wa Kimarekani, Hobart Teale, anapanda mto kuja kuchukua ushahidi wa habari za ramu. Innes alimwita Pélagie, akamwonyesha kiti. Hakuwahi kumwonyesha kiti kabla ya hapo.

"Mzee Mizhakwad atasimama mbele ya luteni," alisema. "Wewe utatafsiri."

"Ndiyo, bwana."

"Yule mzee ana maneno mengi. Mfupishie."

"Nimfupishie wapi?"

Innes aliangalia dirishani. "Akitaja vipipa vya kule kusini, tafsiri neno kwa neno. Akitaja vyetu, hapo ndipo pa kufupisha."

"Na luteni akiandika hivyo, itakuwaje?"

"Watanyang'anywa leseni. Nyumba ile itafungwa kabla ya baridi, nasi tutapumua."

Pélagie akasema amesikia. Alirudi kwenye nyavu zake akakaa nazo mapajani bila kufunga fundo lolote. Nyumba ile ikifungwa, Wickett atahamishwa, na Domitille atakwenda naye, labda hadi Ziwa Kuu, mwendo wa majuma mengi. Sasa hivi angalau alikuwa akiuona moshi wa jiko lake. Aliweza kujua siku Domitille alipochelewa kuamka. Alijua nguo zake zilipoanikwa, na mwaka uliopita aliona vitambaa vidogo vyeupe kwenye kamba, akajua kwamba ana mjukuu kabla hajaambiwa na mtu.

Mkutano ulifanyika kwenye ulimi wa nchi kavu chini ya maporomoko. Luteni Teale alikaa kwenye sanduku, karatasi zake juu ya sanduku jingine. Innes alisimama mkono wa kulia, Wickett mkono wa kushoto, wakasalimiana kwa kidevu. Waojibwe walikuwa wengi, maana ulikuwa msimu wa kuvua wale samaki wakubwa wa pua ndefu. Mizhakwad alikuja akiwa amejifunga blanketi jipya. Alikuwa ndugu wa mama yake Pélagie, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu wanyamaze.

"Hujambo, mpwa," alimwambia. "Umekonda. Kwani hao hawakupi samaki?"

"Wananipa, mjomba."

"Basi wanakupa mifupa. Haya, mwambie huyu kijana wa karatasi kwamba ninaanza."

Akaanza. Alisema watu weupe wamemtaka aeleze habari za yale maziwa, maana hivyo ndivyo ramu ilivyoitwa katika mikutano, maziwa ambayo baba, yaani mfanyabiashara, huwapa watoto. Alisema ameyanywa upande huu na ameyanywa upande ule.

"Ya upande huu yana maji mengi," alisema. "Ya upande ule yana pilipili. Nilimuuliza yule karani, pilipili ya nini? Akasema ni ya kuleta joto. Nikamwambia, moto ninao nyumbani."

Waojibwe wakacheka. Luteni alimtazama Pélagie akingoja. Innes naye alimtazama. Pélagie akaanza na upande wa kusini, akatafsiri pilipili, akatafsiri moto. Wickett akawa mwekundu shingoni. Halafu Pélagie aliusikia mto kuliko alivyousikia maisha yake yote.

"Anasema pia," aliendelea, "kwamba ya upande wetu huku kaskazini yana maji mengi."

Kalamu ya luteni ilisimama. "Pande zote mbili?"

"Zote mbili, bwana."

Mizhakwad hakujua kilichopita kati yao. Aliendelea na hotuba yake. Alisema wafanyabiashara wanawapigania Waojibwe kama mbwa wawili wanaopigania kiatu, na kiatu hakiulizwi. Alisema hakumbuki kuona mtu akiweka mpaka juu ya maji, angependa kuonyeshwa mahali ulipofungiwa. Mwisho akasema kwamba vijana wake wanarudi kutoka ngomeni na vichwa vizito na mikono mitupu, na kwamba yeye anataka baruti, vitambaa, masufuria na risasi, kwa bei ya zamani, na vipipa vibaki huko vinakotoka.

Pélagie aliyasema yote. Luteni akaandika, akamgeuzia karatasi, naye akatia alama ya msalaba chini ya alama ya mjomba wake.

Siku nyingi baadaye alijiuliza kwa nini alifanya vile. Kama angeulizwa na padri, angejibu kwamba ni kwa ajili ya ukweli. Lakini alijijua. Alipoona kalamu inakimbia, alichokiona moyoni ni moshi wa Domitille. Wakiwa na kosa wote wawili, hafungiwi mtu, na hakuna anayehama. Ukweli na tamaa yake vilipitia njia moja siku hiyo, wala hakuweza kusema kipi kilitangulia.

Innes hakumpigia kelele. Pélagie aliporudi ngomeni alikuta sufuria lake, blanketi zake mbili na kifuko cha sindano vimewekwa nje ya lango, vimepangwa vizuri kabisa. Innes alikuwa amesimama hapo.

"Bwana, nimekutumikia miaka kumi na minne," Pélagie alisema.

"Najua. Lugha zako tatu nenda nazo, hizo ni mali yako."

Akaazima mtumbwi, akavuka. Domitille alikuja mbio hadi majini, mtoto akiwa kiunoni, akamkumbatia mama yake nusu akiwa ndani ya maji. Walilia wakacheka. Pélagie akambeba mjukuu wake, Louison, mtoto mzito mwenye masikio ya babu yake. Walikula uji wa mchele wa ziwani wenye sukari ya mti. Kisha Wickett akaja, akavua kofia. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu mwoga, na mwoga ni mgumu kumwomba.

"Mama mkwe," alisema, "umekula kiapo dhidi yangu."

"Sikumlia mtu kiapo. Nilisema alichosema mzee."

"Mkuu wangu akisikia umelala hapa, ataniuliza tulipanga nini mimi na wewe. Na Innes naye ataandika kwamba tulikununua."

"Asahel," Domitille alisema, "ni mama yangu huyu."

"Najua ni nani. Ndiyo maana haiwezekani."

Domitille alimwangalia mumewe, kisha akaiangalia sakafu. Pélagie alimrudishia mtoto wake. Hakutaka binti yake achague mbele yake, kwa maana aliogopa jibu.

Akavuka tena kaskazini, akajenga kibanda cha magome ya mti mweupe palepale kwenye ulimi wa nchi, mahali pa kuvulia samaki pa ukoo wa mama yake. Kiangazi hakikuwa kibaya, watu walikuwepo. Walipomaliza kuvuna mchele wa ziwani, kila jamaa ikaenda kwenye misitu yake ya mawindo. Mizhakwad alikuja kumchukua.

"Twende, mpwa. Hapa utabaki na kunguru."

"Kunguru hawataki nitafsiri kitu, mjomba."

"Usinifanyie mzaha. Baridi ya peke yako si mchezo."

"Nikiwa msituni siuoni ule moshi."

Mzee aliutazama mto, akautazama moshi wenyewe, akamwachia mzigo wa nyama kavu na mbwa mmoja mzee.

Baridi hiyo Pélagie aliishi kwa mitego ya sungura na tundu moja alilolichimba kwenye barafu kwa ajili ya ndoana. Theluji ilipofunika kibanda hadi mabegani, alikaa siku nyingi bila kusikia sauti ya mtu. Alizungumza na mbwa Kiojibwe alipomwita kula na Kifaransa alipomkemea. Kuna siku alijaribu kukumbuka sauti ya marehemu mumewe, akaipata ikisema maneno ambayo yeye alimtafsiria mtu mwingine, hakuipata ikisema naye.

Lakini siku kadhaa Domitille alikuja kuteka maji mbali zaidi ya ilivyohitajika. Walikutana katikati ya mto juu ya barafu, mahali ambapo hata mabwana hawakujua ni nchi ya nani. Walisimama migongo yao ikiuelekea upepo.

"Unakula, mama?"

"Nakula. Louison ameota meno?"

"Sita. Ananiuma."

"Na wewe ulikuwa unaniuma."

Mazungumzo yenyewe ndiyo hayo. Kisha ndoo ikaanza kuganda, na Domitille akarudi.

Walipata miezi hiyo, na kiangazi kingine, na baridi nyingine. Halafu ikaja barua. Wakubwa wa pande mbili walikuwa wamekutana katika mji wa mbali, wakamaliza ugomvi wao kwa chakula cha mchana. Kampuni ya kusini ikakubali kuondoka mpakani, na ya kaskazini ikakubali kuilipa kila mwaka ili isirudi. Karatasi ya Luteni Teale haikusomwa na yeyote. Ilikuwa imekaa katika sanduku la mtu aliyehamishwa, pamoja na alama ya Mizhakwad na ile ya Pélagie.

Domitille alivuka waziwazi siku hiyo, kwa mtumbwi, hakuna wa kumkataza tena.

"Tunakwenda La Pointe, kwenye Ziwa Kuu," alisema. "Twende wote, mama. Mitumbwi iko miwili."

"Umemuuliza Asahel?"

Domitille alimfunga mtoto kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Basi nenda, mwanangu," Pélagie alisema. "Ukimuuliza leo, atakubali kwa aibu, nami nitakula aibu hiyo kila siku mezani kwake."

Aliwasindikiza kwa macho hadi mtumbwi wa mwisho ukaingia kwenye kona. Aliendelea kusimama. Upande wa pili mlango wa nyumba ulikuwa umeachwa wazi, na hapakuwa na moshi.

Juma lilelile ramu ilikoma kugawiwa katika ngome ya kaskazini, kwa vile hapakuwa tena na mshindani. Bei ya vitambaa ikapanda. Mizhakwad alipokuja na ngozi zake, alitazama rafu kwa muda mrefu.

"Kumbe maziwa yalikuwa ya jirani," alisema. "Baba mwenyewe hakuwa na ng'ombe."

Innes alikwisha hamishwa, na bwana mpya hakujua Kiojibwe hata cha kuombea maji. Alimtuma mtu kwa Pélagie. Pélagie akaja, akatafsiri siku mbili, akapewa unga na chai, akarudi kibandani kwake ingawa alipewa chumba. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka iliyobaki: masika anaitwa, vuli anaitwa, na katikati ananyamaza.

Domitille hakujua kuandika, wala Pélagie hakujua kusoma. Salamu zilikuja kila kiangazi kwa midomo ya wapiga kasia. Mwaka wa kwanza mpiga kasia alikaa chini, akala, akamweleza yote: Louison amepanda farasi, Domitille amejifungua binti, amempa jina Pélagie. Mwaka wa pili salamu zilipitia watu wawili kabla ya kumfikia. Mwaka wa nne mpiga kasia hakushuka hata mtumbwini.

"Binti yako anakusalimu," alisema. "Anasema hajambo."

"Alisema hivyo kwa lugha gani?"

Kijana alishangaa. "Kwani kuna tofauti, mama?"

"Akisema kwa Kiojibwe, amesema na mimi. Akisema kwa Kiingereza, mumewe alikuwa amesimama karibu."

Yule mpiga kasia alikuna kichwa kwa uungwana, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni ambacho anajua hana. "Sikumwona mwenyewe," alisema. "Mimi niliambiwa na mwenzangu wa kule Fond du Lac."

Pélagie akamshukuru, akampa samaki mkavu wa njiani, na salamu za kurudisha. Alizisema kwa Kiojibwe, polepole, maneno machache, akamtaka ayarudie. Kijana akayarudia, akakosea moja. Hakumsahihisha. Wenzake walikuwa wakimwita, na mto siku hiyo ulikuwa umejaa.