Kitanda cha Bi Mkasi

Kila mara mbunge alipotangaza ziara, kitanda cha Bi Mkasi kilitangulia kufika zahanati. Kilikuwa cha mbao nzito, alichoachiwa na marehemu mumewe, na kijiji kizima hakikuwa na cha kushindana nacho. Vijana walikibeba mabegani hadi wodi ya wazazi, chumba ambacho wanakijiji walikijenga kwa jasho lao na ambacho hakijapata kuwa na kitanda chake chenyewe. Viti vilitoka shuleni, mapazia kwa mke wa mwenye duka. Mheshimiwa alitembezwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapigiwa makofi. Kabla vumbi la gari lake halijatua, kila mtu alikuwa amekwisha kujitwisha chake.

Wenyewe waliiita heshima. Mgeni haonyeshwi tundu la paa. Bi Mkasi, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake zaidi kuliko kazi yake, naye aliamini hivyo hadi ziara ya mwaka juzi. Kitanda kilirudi nyumbani mchana. Jioni uchungu ukamshika mke wa mwanawe, na mjukuu akazaliwa kwenye mkeka, juu ya sakafu ya saruji, katika chumba kile kile ambacho Mheshimiwa alikuwa amekisifu asubuhi. Mtoto alitoka salama. Mama yake aliugua hadi watu wakaanza kunong'ona mlangoni.

Sasa mkwewe huyo alikuwa mjamzito tena, tumbo limeshuka, na ziara nyingine imetangazwa.

Mwenyekiti wa kijiji, mdogo wa marehemu mume wa Bi Mkasi, alimkuta kwenye kibaraza cha soko, mguu uko kwenye cherehani.

"Shemeji, vijana watapita kesho kuchukua kitanda."

"Wapite, wanywe chai, waende zao."

"Na kitanda?"

"Kitanda kimechoka na siasa. Kinapumzika."

Mwenyekiti akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake. "Unataka kutuvua nguo mbele ya mgeni?"

"Mimi kazi yangu kuvisha watu, shemeji. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nina mtu wa kuzaa nyumbani."

"Basi kama una huruma, kiache kule moja kwa moja."

"Nikiache, halafu wewe na mbunge wako mtabaki na kazi gani?"

Hapo sura ya mwenyekiti ikabadilika. Akamkumbusha kwamba kibaraza ni mali ya kijiji, na mwenye kukigawa ni yeye. Bi Mkasi akakata uzi kwa meno.

"Kibaraza chukua. Cherehani ni yangu."

Siku ya ziara, mwenyekiti aliona dawa ni moja tu: wodi ifungwe. Msafara ulipokaribia, akaeleza kwa huzuni kwamba ufunguo umepotea. Bahati mbaya kwake, Bi Mkasi alikuwa ameketi kizingitini pamoja na mkwewe, na hakuna aliyethubutu kumwondoa mjamzito.

"Muuguzi, mwanangu," akasema bila kupandisha sauti, "hebu jipapase mfukoni."

Muuguzi alimtazama mwenyekiti, akalitazama lile tumbo, akatoa ufunguo.

Chumba kilikuwa kitupu, isipokuwa mapazia yenye maua. Mbunge akasimama katikati.

"Mbona hapa palikuwa na kitanda? Nilikiona kwa macho yangu."

"Uliona changu, Mheshimiwa. Usiku wa kuamkia leo nimekilalia."

Wanawake dirishani wakaangua kicheko. Mwenyekiti akasema huyu mama ana maneno mengi tangu zamani. Mke wa mwenye duka akapenya katikati ya wakubwa, akaanza kuteremsha mapazia. "Na mimi nachukua yangu mapema. Leo sina haja ya kungoja mgeni aondoke."

"Mama, mngeniambia," mbunge akasema kwa sauti ya chini.

"Tungekuambia saa ngapi? Ulipigiwa makofi ukaridhika. Hukuuliza hata nani amezaa juu ya kitanda kile."

Uongo una wazazi wawili, anayeusema na anayependa kuusikia, na siku hiyo wote wawili walisimama chumba kimoja, hawana pa kukaa. Mbunge akaahidi vitanda. Watu wakapiga makofi kwa mazoea. Bi Mkasi hakupiga. Mkono wake ulikuwa begani kwa mkwewe.

Kibaraza alinyang'anywa wiki hiyo hiyo. Akahamishia cherehani mlangoni kwake, na wateja wakamfuata huko huko.

Vitanda navyo vilikuja, pengine kwa aibu zaidi kuliko kwa wema. Vilinunuliwa kwa kodi ya wananchi, lakini kila kimoja kilikuwa na jina la Mheshimiwa kichwani, kwa rangi nyekundu, na neno "zawadi" juu yake. Bi Mkasi akaenda na futi yake ya ushonaji, akapima, akarudi kushona mashuka marefu upande wa kichwani kupita kawaida.

Mkwewe alijifungua juu ya kimoja, akalala, akaamka mzima. Mwenyekiti alikuja kumpongeza, macho yakazunguka kitandani.

"Shemeji, shuka limefunika jina."

"Limefunika," akasema Bi Mkasi, akimpokea mjukuu. "Huyu hajazaliwa na deni la mtu."