Betri ya Fundi Cherehani

Siku hizi watu hununua nguo zilizokwisha kushonwa, kwa kipimo cha mtu asiyejulikana, na futi ya fundi cherehani imebaki shingoni mwake kama pambo. Ndiyo maana mzee alifurahi kupata kitu cha kupima. Pikipiki yake ya ujanani ilihitaji betri mpya, na mkewe alikuwa ameshatoa amri: isiponguruma kabla ya saa sita mchana, inaondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Alipima kisanduku cha betri chini ya kiti, akaandika vipimo kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, akaenda dukani.

"Mzee, ungekuja na betri ya zamani tulinganishe," muuzaji alimwambia.

"Mwanangu, miaka arobaini nanunua vitambaa. Sijawahi kumbeba mteja."

Akachagua ya volti sita, kama ile ya zamani, kwa vipimo vyake. Nyumbani ikagoma kuingia. Akaigeuza, akaisukuma, akaikemea. Ilizidi inchi nzima.

Mkewe akasoma kile kitambaa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba watoto! Umeiachia nafasi ya mshono?"

Mzee akaangalia pembeni. Mkono ulikuwa umeongeza wenyewe, kwa mazoea.

Mkewe akatazama saa, akaifunga betri ya zamani kwa kipande cha suruali, akaibeba mikononi kama mtoto mchanga.

"Saa sita bado. Twende, fundi wangu. Leo mteja tunambeba."