Mpira wa Vinyoya Dukani kwa Mzee Hamisi

Juzi mdogo wangu Lusajo, ambaye niliacha shule ili nimlee, alinionyesha kwenye simu mashindano ya mpira wa vinyoya ya Olimpiki. Aliponiuliza kama nimewahi kuuona mchezo huo, nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni.

Mchana ule mama alikuwa hoi kitandani. Mama mdogo, ambaye siku zote alitukataza televisheni, alituambia kwa upole, "Nendeni kwa Mzee Hamisi mkatazame michezo. Msirudi mpaka niwafuate." Nilimbeba Lusajo mgongoni nikakimbia, mama mdogo asije akaghairi.

Duka lilinukia mafuta ya taa na kandambili mpya, na mvua ilipiga bati. Kwenye televisheni wasichana wawili walirushiana kitu chenye manyoya.

"Mzee, tuwekee mpira! Hawa wanapiga kifaranga," kijana mmoja alilalamika.

"Aliyechoka aende kwake," Mzee Hamisi alijibu. "Leo wageni wangu ni watoto hawa."

Alitupa mkate na soda, nami nikajiona mtu mkubwa. Sasa najua kwamba alikuwa ameombwa atushikilie pale.

Jioni mama mdogo alikuja kutuchukua. Njiani nilipanga jinsi nitakavyomwigizia mama wale wasichana walivyoruka. Watu waliojaa uani walinyamaza walipotuona, nikadhani mama amepata nafuu na wamekuja kumpa pole. Nikapenya katikati yao nikiita kwa nguvu, "Mama, tumeona mchezo mpya!" Hakuna hata mmoja aliyenikemea.