Consolée na Neno "Tué"

Consolée huwaandikia watu karatasi zao katika chumba kimoja karibu na soko la Kasongo. Radi ilipounguza ordinateur, yaani kompyuta yake ya zamani, pamoja na kazi zote zilizokuwa ndani, fundi wake Djafari alimletea nyingine ndogo kutoka Goma, yenye herufi za Kiingereza. Haikuwa na é, wala à, wala ç. Consolée akazoea kuandika bila zile alama, kisha kuzichora kwa kalamu ya bic karatasi ikishatoka. Watu wa soko hawakulalamika.

Mwezi wa mvua akaja Naomie kwa pikipiki, ana matope hadi magotini. Alitoka Lusangi, alikokuwa akiwapikia wachimba dhahabu. Watu wenye bunduki walikuwa wamemuua mume wake, Hippolyte, kwenye shimo lake. Sasa alitaka kushtaki, na ofisi ya mashtaka ilitaka karatasi ya Kifaransa iliyopigwa kwa mashine.

Consolée akaandika, akachora alama, akamsindikiza mwenyewe, maana Naomie hakujua Kifaransa. Karani aliishika karatasi akakunja uso.

"Hii imechezewa na bic. Hatupokee. Mukaandike ingine safi."

"Nikitoa alama, tata, neno litageuka," alisema Consolée.

"Hiyo ni kazi yenu."

Walirudi chumbani. Consolée alipiga neno lilelile bila alama, akabaki ameliangalia. *Mon mari Hippolyte, tué*: mume wangu Hippolyte, aliyeuawa. Bila ile alama ilikuwa *tue*: mume wangu Hippolyte anaua.

Akampigia Djafari simu.

"Shikilia Alt, kisha upige namba za pembeni."

"Hii ndogo haina namba za pembeni."

"Basi tafuta kwenye menyu, alama ziko pale."

"Ile programu uliniwekea haina kitu. Na internet imekufa tangu juma lililopita."

"Mimi niko Kindu, mama. Ngoja nirudi, nitakuwekea clavier ya Kifaransa, yenye alama zote."

Naomie hakuweza kungoja. Mtoto wake mchanga alikuwa amebaki kwa jirani. Consolée akatafuta neno lingine.

"Mwanangu, niandike *abattu*? Ni kuuawa vilevile, na haina alama."

"*Abattu*? Kama ngombe ya kuchinjwa kwa abattoir?" Naomie alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Bwana yangu hakukuwa nyama."

"Basi *mort*. Amekufa."

"Hakufa. Walimuua."

Nje dereva wa pikipiki alipiga honi, mawingu yalikuwa yanafunga upande wa mto Lualaba. Naomie alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Andika basi ile ya kufa. Mradi ipokelewe."

Consolée akaandika *mort*. Karatasi ilitoka nyeupe, safi, bila kosa hata moja.

Karani aliisoma upesi akairudisha. "Mutu amekufa? Sisi hapa tunapokea mashtaka. Vifo munaandikisha kwa état civil."

"Aliuawa!" Consolée alipaza sauti. "Nilikuambia asubuhi, na ulisoma mwenyewe!"

"Mama, mimi nasoma yenye kuandikwa."

Naomie aliikunja ile karatasi, akaiweka kifuani, ndani ya blauzi. Alimpa Consolée mkono, akapanda pikipiki mvua ikianza.

Djafari alirudi kutoka Kindu, akaitengeneza ile mashine. Siku hiyohiyo Consolée aliandika upya mashtaka ya Hippolyte, kila alama mahali pake, akayapeleka ofisini. Wakamwambia mjane lazima aje mwenyewe kutia sahihi. Akawatuma wenye pikipiki wa Lusangi wamtafute. Waliporudi, walisema nyumba ya Naomie imefungwa. Alichukua mtoto akaelekea Kabambare, na simu yake haipatikani.

Mashtaka hayo bado yako kwa Consolée. Naye humwuliza kila mwenye kwenda njia ya Kabambare kama atapita soko la kule, na kama anamfahamu mwanamke mmoja mwembamba, mwenye mtoto mgongoni. Wengi hujibu kwamba wanawake kama huyo wako wengi huko.