Shimo la Kusimamia

Mdogo wangu wa kike alianza kuota kibiongo kabla hajafikia umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Mwanzo tulidhani anadeka, maana kila akiinuliwa alilia. Miguu ilipolegea, baba akampakia kwenye baiskeli kutoka Mitwero mpaka hospitalini Lindi mjini.

Daktari Mzungu alimfunga plasta kutoka kwapani hadi nyonga. Dresa, mhudumu wa vidonda aliyekuwa akitafsiri, akamweleza baba kwamba kifua kikuu kimeingia mgongoni, mgongo usiguswe, na mtoto alale chali tu hadi mfupa ukauke. Vidole vya miguu bado vilicheza, kwa hiyo tumaini lipo. Baba alirudi nyumbani na neno moja: mgongo usiguswe. Mengine sijui aliyadondoshea wapi. Ndivyo alivyokuwa baba. Ukimtuma samaki na nazi, atarudi na nazi, tena anatabasamu.

Basi wakubwa wakagawana mtoto kama nyama ya Idi. Mgongo ukawa wa daktari. Vidonda vya pembeni mwa plasta vikawa vya dresa, ambaye alipita mara mojamoja, akapaka dawa, akaondoka. Homa akaichukua mwalimu wa chuo, akawa anamnywesha kombe, aya alizoziandika kwa zafarani kwenye sahani na kuziosha kwa maji. Miguu akabaki nayo bibi, mama yake baba. Kila mmoja aliihangaikia sehemu yake kwa moyo wote, na hakuna aliyemuuliza mwenzake neno. Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Dawa ya bibi ni ile ya kwetu pwani. Alichimba shimo uani penye mchanga, akamsimamisha mtoto ndani, akamfukia hadi kiunoni ili miguu ikaze. Alimshika kwa makwapa, taratibu, asije akaugusa mgongo. Mdogo wangu alikuwa amechoka kutazama makuti ya paa kutwa nzima. Akiwa shimoni alicheka, akapiga makofi.

"Dada, nitazame! Nimesimama!"

Kila asubuhi alidai shimo lake kabla ya uji.

Dresa alimkuta humo siku moja. Mfuko wa dawa ulimponyoka.

"Shikamoo bibi. Nani kasema mtoto asimamishwe?"

"Marahaba, mwanangu. Mgongo wenu sijaugusa hata kidogo. Mie nahangaika na miguu."

Dresa akachutama mchangani, akamweleza kwa sauti ya chini. Miguu yenyewe haikuwa na ugonjwa. Mfupa wa mgongo ndio ulioliwa, na kila akisimamishwa uzito wa mwili uliukandamiza. Akamfukua mtoto, akamlaza, akamwambia achezeshe vidole. Mdogo wangu alikunja uso, akajitahidi sana. Vidole havikucheza.

"Mbona hamkunambia?" bibi aliuliza. Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha kichwa.

Hospitalini daktari alimgonga mtoto magotini, akamchoma nyayo kwa pini, akatikisa kichwa. Haikuhitaji tafsiri.

Tuliporudi, baba alichukua jembe akalifukia lile shimo, akalikanyagakanyaga. Mdogo wangu alikuwa amelazwa mkekani barazani, anamwangalia. Hakuwa ameelewa neno la daktari, wala la dresa. Akaanza kulia.

"Baba, usifukie! Sasa mimi nitasimama wapi?"