Gunia la ulezi lililomgombanisha Mama Angela na mkwewe

Saa nne asubuhi, Jumamosi, mvua ya mwezi wa pili imeupa mji wa Sumbawanga nafasi ya kupumua. Ndani ya ghala la mfanyabiashara wa mazao, Kristiana Evaristi, Mama Angela kwa majirani, amekaa juu ya gunia tupu, ungo mapajani, anachambua maharage. Mawe huku, mabovu kule, mazima kwenye ndoo. Mikono inakwenda, na mdomo nao haubaki nyuma.

"Andika vizuri," anamwambia mwandishi wa makala haya bila kuinua macho. "Usije ukaniandika maskini wa kulialia. Nina watoto wanne, na wote wanashiba."

Wanashiba kweli. Kwa kawaida nyumba yake ya watu sita, mtaani Izia, hula wiki nzima kwa Sh20,000. Lakini msimu huu maharage yamepungua ghalani, na anayelipwa kwa gunia akikosa gunia hana mshahara. Wiki hii Kristiana ameshika Sh13,000, basi.

Mchana anaingia sokoni. Chumvi na mafuta kwanza, maana hivyo havina mjadala. Nyanya anaziacha mpaka jioni, zikishalainika na muuzaji akitaka kwenda nyumbani. Kwenye dagaa wa Tanganyika anasimama, mkono kiunoni.

"Dada, hujaniongeza."

"Nimekuongeza tayari, mama!"

"Hao watatu ni nyongeza au ni salamu?"

Wanawake wa jirani wanacheka, na muuzaji anaongeza kiganja kizima. Maharage hanunui hapa. Yaliyovunjika huuzwa kwa wachambuaji ghalani kwa bei ya chini, na Kristiana hana aibu nayo. "Yakishaiva, nani atajua lipi lilikuwa zima?"

Lakini siri ya nyumba yake haiko sokoni. Iko chumbani, nyuma ya mlango: gunia moja la ulezi.

Mwaka juzi mumewe Nestory, fundi baiskeli, aliuza karibu mahindi yote mwezi wa saba, wakati malori yamejaa mjini na bei iko chini. Ilipofika mwezi wa pili, familia ikawa inanunua unga wa kupima kama watu wasiojua jembe.

"Tulikunywa uji mchana, tukanywa uji jioni," anasema Kristiana, na kwa mara ya kwanza mikono yake inatulia. "Mtoto wangu wa mwisho akawa analala mapema, haulizi chakula. Alishajua hakuna. Iliniuma. Inaniuma mpaka leo."

Ndiyo maana Juni iliyopita alikwenda Kasense, kwao Nestory, kuvuna ulezi wa watu, suke moja moja kwa kisu kidogo, na alipomaliza akakataa fedha. Akaomba alipwe ulezi. Nafaka hiyo haipekechwi na wadudu upesi, nao Wafipa, wenyeji wa huku, wameitegemea tangu mababu. Mahindi ya Kristiana yataisha mwezi wa tatu. Mapya yatakauka mwezi wa tano. Katikati hapo, watoto watakula gunia lile au hawatakula.

Tatizo ni kwamba Ufipa ulezi una kazi mbili. Unaliwa, na unapikwa pombe.

Jioni ileile, kabla nyanya hazijaoshwa, hodi ikapigwa. Alikuwa Bibi Silvana, mama yake Nestory, ametoka Kasense pamoja na mwanawe mdogo, Adolfu.

"Shikamoo, mama," Kristiana akapiga goti.

"Marahaba, Mama Angela." Bibi akakaa, akaenda moja kwa moja kwenye jambo. Jumamosi iliyofuata ingekuwa misa ya kumwombea marehemu mumewe, na watu wangekuja. "Nimesikia hapa kuna ulezi. Adolfu atabeba gunia, tukapike pombe ya mzee."

Kristiana alijua kinachotakiwa kusemwa: ndiyo, mama. Kumnyima mkwe ulezi wa pombe ya marehemu si jambo dogo Ufipa. Hata hivyo alisema:

"Mama, misa ya baba siikatai. Gunia zima ndilo ninalokataa. Nitatoa debe moja, nitengeneze togwa isiyolevya. Wakubwa watakunywa, na watoto watakunywa."

Adolfu aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Togwa? Shemeji, unamjua mzee wewe? Huyo mzee tumkumbuke kwa togwa? Atatucheka huko aliko!"

Na tusimwonee Adolfu. Marehemu, kwa ushahidi wa kila aliyemjua, hakuwa mtu wa togwa.

Bibi Silvana akamgeukia Nestory, aliyekuwa amekaa kando. "Wewe ndiye mwenye nyumba. Unasemaje?"

Nestory alikohoa. "Mama, gunia hilo mimi sikulivuna. Muulize aliyelivuna."

Bibi akanyanyuka. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Hakuigusa. Akatoka, na Adolfu nyuma yake, mikono mitupu.

Mkwe akiondoka bila kuonja kitu, mtaa mzima unajua. Wiki nzima Kristiana alichambua maharage kimya, jambo ambalo wenzake ghalani wanasema halijawahi kutokea. "Niliumia, sikudanganyi," anasema. "Yule ni mama yangu, ndiye aliyenipokea nikiwa msichana. Lakini kila nikilitazama gunia nilimwona mtoto wangu amelala mapema."

Jumamosi ya misa alifika Kasense na ndoo za togwa, hajui kama atapokewa. Baada ya misa akaanza kugawa. Watoto walijipanga kwanza. Kisha wakaja kina mama, kisha wazee wenye nyuso za mashaka. Adolfu naye, tuseme ukweli, alikunywa vikombe vitatu na hakutaja kicheko cha mtu yeyote.

Bibi Silvana alikuwa wa mwisho. Alipokea kikombe, akanywa taratibu, macho kwa wajukuu waliokuwa wakilamba midomo. Kisha akawaita wanawe wote mbele ya watu.

"Nilikasirika," alisema. "Nilikuwa namfikiria mzee, nikasahau hawa watoto nao ni wa mzee. Ulezi uliobaki Izia ni chakula chao. Atakayeugusa kabla ya mahindi mapya atanijibu mimi, na wewe Adolfu nakutazama."

Watu wakacheka. Kristiana hakucheka. Alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, akaongeza togwa kwenye kikombe cha mkwewe.

Sasa, akiwa amerudi ghalani, ana mpango, na anausema bila kupunguza sauti. Msimu ujao atakodi nusu eka hukohuko Kasense alime ulezi wake mwenyewe. Anataka magunia mawili.

"Moja la watoto," anasema, akitikisa ungo. "La pili nitampelekea mama mwenyewe apike pombe, mzee akumbukwe anavyostahili. Mzee sijamnyima. Nimempanga wa pili."