Mivumu ya Babu na Monasteri Iliyotoweka

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Ilikuwa miaka ya sabini, tunahamishiwa vijiji vya ujamaa, nami binti wa kufua nguo za misheni hapa Kasulu. Padri mmoja mzee, Mzungu, alinikuta naanika mashuka, akanisimulia habari za kwao.

Kale sana, kwao palikuwa na monasteri ya Wakartusio, watawa wa kunyamaza. Kila mmoja na kijumba chake na kibustani chake, chakula akipitishiwa dirishani, wakikutana kanisani kusali. (Mimi kunyamaza? Thubutu!) Vita vikawatawanya. Wanakijiji wakaanza kubeba mawe, huyu la zizi, yule la jiko. "Hakuna aliyeibomoa," padri akasema. "Kila mtu alichukua jiwe moja tu." Yeye alipozaliwa palikuwa shamba la kabichi, wala hakuna aliyejua lango lilikuwa wapi. Machozi yalimlengalenga. Masikini, nilimhurumia.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta baba mdogo na shoka kwenye boma la marehemu babu. Sisi Waha boma hulizungushia vigingi vya mivumu, mitini ya kwetu, navyo huota vikawa miti. Mwenyewe akifa, miti hiyo ndiyo huonyesha alipolala. Babu alizikwa pale pale chini yake. Baba mdogo alitaka kuchonga mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, ahame nao.

"Mmoja tu, binti," akasema.

Nikauegemea ule mti. "Baba, ukikata wewe mmoja, kesho jirani atakata wa pili. Wajukuu watamtafuta babu wapi?"

Akafoka, tangu lini mtoto wa kike akafundisha wakubwa! Sikusogea. Bibi, mjane wa babu, akatoka na mkongojo wake, akasimama ubavuni mwangu. Baba mdogo akashusha shoka.

Tulihama, miti ikabaki. Leo ni minene, watu wawili hawaukumbatii mmoja wakaumaliza, na kila apitaye husema hapo ni kwa fulani. Najivuna, sifichi!

Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba na haba kibaba huisha. Basi mwanangu, ukiona cha wazee kinamegwa, usingoje mkubwa aseme. Sema wewe, kwa heshima, ila usisogee. Mungu akupe miguu ya kusimama, na wajukuu wako wakikuuliza wametoka wapi, uwe na mahali pa kuwapeleka.